TAHADHARI: Milango ya "mninga mtupu" Mbeya, ndani ni paini

Wadau mnaojenga Uyole, Iyunga na Mbalizi, kuna jamaa anapita kwenye magrupu ya WhatsApp akiuza milango ya "mninga mtupu" kwa bei ya kutega. Anakuletea mpaka saiti, mlango umeshapigwa vanishi unang'aa, na anataka hela yote papo hapo. Mteja wangu kanunua ya nyumba nzima. Nilipotoboa wa kwanza niweke kitasa, unga uliotoka ni mweupe na unanukia utomvu. Paini! Mninga uko usoni tu, vinia (utando mwembamba wa mbao) isiyofika hata milimita moja, imebandikwa kwa gundi.

Sisemi vinia ni mbaya. Mafinga kuna viwanda vinaitengeneza, na mlango wa chumbani wenye vinia iliyobandikwa vizuri unadumu, tena haupindi ovyo kama wa mbao mbichi. Uuzwe kwa jina lake na bei yake, hakuna ugomvi. Huyu anauza paini iliyovalishwa koti kwa jina la mninga. Sasa mlango wa nje upigwe na mvua zetu, Novemba mpaka Aprili: gundi ya kawaida inaachia, vinia inavimba na kubanduka kuanzia chini. Kupiga msasa urudishie vanishi ndiyo usijaribu, utatokea kwenye paini mara moja.

Kabla hujatoa hela, angalia ncha ya juu ya mlango, pale wanapoacha bila vanishi. Kwenye mbao halisi mistari ya usoni inaendelea mpaka kwenye ncha, haikatiki ghafla ukingoni. Ila huyu jamaa kingo za pembeni kaziba kwa vipande vya mninga wa kweli, kwa hiyo ukitazama ubavuni utaridhika bure. Mwambie atoboe tundu la kitasa mbele yako. Akianza maneno mengi, mwache aondoke na mlango wake. Uzito nao usiuamini sana, maana wengine wanajaza MDF (ubao wa unga wa mbao uliogandamizwa kwa gundi), na MDF ni nzito.

Risiti iandikwe "mninga mtupu", siyo "mlango" tu. Mteja wangu alipompigia alijibiwa, "Mninga si huo unaouona?" Tangu hapo namba haipatikani. Kama na wewe umeuziwa, tunza meseji za malipo na mlango mmoja uliotobolewa, upeleke malalamiko polisi au FCC (Tume ya Ushindani).