Uzoefu wangu: siku tatu za bustani na ngome huko Kent na Sussex

Agosti mwaka jana mama alikuja Uingereza kututembelea kutoka Bukoba, na kwa kuwa maisha yake yote amekuwa mtu wa shamba, mimi na mke wangu tuliona ni heri tumpeleke bustanini kuliko madukani. Tulikodi gari, tukapanga chumba katika mji mdogo wa Rye, kisha tukaizunguka Kent na Sussex kwa kadi yetu ya uanachama wa National Trust, taasisi iliyoanzishwa mwaka 1895 kutunza majengo ya kale na ardhi yenye thamani kwa umma. Kadi hiyo ya mwaka mzima humwingiza mwanachama bila kulipa kiingilio wala maegesho, ila haimhusu mgeni wake, kwa hiyo tiketi za mama tulizilipia mlangoni. Kwa anayekusudia kutembelea sehemu tano au sita kwa mwaka, naipendekeza bila kusita.

Tulianza na Sissinghurst, bustani ya Kent yenye mnara wa kale. Mwandishi Vita Sackville-West na mumewe Harold Nicolson waliinunua mwaka 1930 ikiwa imechakaa vibaya. Mume akachora njia na mipaka, mke akajaza mimea, na mpaka leo unapita kutoka kitalu hadi kitalu kama unayepita vyumba vya nyumba moja, huku kuta zikiwa za matofali mekundu au za miti iliyokatwa ikanyooka. Ngazi za mnara ni nyembamba na mama ana maumivu ya magoti, hivyo tulipanda kwa zamu, mmoja akibaki naye kwenye benchi, na kutoka juu ndipo nilipoelewa mpangilio wote. Anayeifuata Bustani Nyeupe, yaani kitalu chake cha maua meupe, aende mapema Julai, kwani waridi kubwa la katikati lilikuwa limekwisha kuchanua tulipofika.

Kuhusu gari nina lalamiko moja. Tuliagiza dogo, lakini kampuni iliyotukodisha, ambayo sitaitaja, ilitukabidhi kubwa kwa maelezo kwamba ni upendeleo. Barabara za vijijini huko hupita katikati ya nyua ndefu za miti, na mara kadhaa nilirudi nyuma hatua nyingi ili kumpisha dereva mwenzangu. Ukiagiza gari dogo, shikilia upewe dogo. Kuendesha upande wa kushoto, kama nyumbani, kulinipunguzia wasiwasi.

Ngome ya Bodiam, iliyojengwa kwa kibali cha Mfalme Richard wa Pili cha mwaka 1385, inapendeza zaidi ikitazamwa kutoka nje, ikiwa imezungukwa na maji pande zote. Ndani ni magofu, na saa moja na nusu inatosha.

Mwendo mfupi kutoka hapo ni Great Dixter, ambayo haimo katika National Trust na kadi yetu haikufaa kitu. Msiiache kwa sababu hiyo. Mwenye bustani wa zamani, Christopher Lloyd, aling'oa waridi katika miaka ya 1990 akapanda mimea yenye sura ya nchi za joto, nasi tulipokata kona kati ya maua marefu kuliko sisi, tukakutana uso kwa uso na migomba. Mama alisimama kimya. Kisha akalipapasa shina, akalitazama jani lililochanwa na upepo, akaniambia, "Mwanangu, muulize huyu bwana, baridi ikija wanaufanyaje?" Mtunza bustani aliacha kazi yake na kutueleza kwa upole kwamba ni aina yenye asili ya China, inayostahimili baridi, na kwamba majira ya baridi mashina hufunikwa kwa majani makavu, ndizi zake haziliwi, hupandwa kwa ajili ya uzuri wa majani. Mama naye akaeleza jinsi wanavyopunguza machipukizi Bukoba ili mgomba mama upate nguvu, nami nikatafsiri, na mazungumzo yale yalichukua karibu nusu saa.

Siku ya tatu tulikuwa tumepanga kwenda kwingine, ambako kadi ingetuingiza bure. Mama aliomba turudi kwenye migomba. Tulilipa kiingilio mara ya pili, wote watatu, tukakaa mpaka walipofunga.