Makopo mawili ya vanishi, mlango mmoja wa Lamu: uzoefu wangu

Nianze na aibu yangu. Mimi ni mwalimu wa kemia, na bado kopo la kwanza nililinunua kwa sababu ya mng'ao. Mlango wetu ni wa nakshi, wa mbambakofi, umeelekea kisiwa cha Manda, kwa hiyo jua la asubuhi huupiga usoni. Fundi aliyeuchonga alipita baada ya siku chache, akaugusa kwa kidole, akasema, "Hiki ni kioo, mwalimu. Yua lapita." Nikacheka. Masika hayajesha, vanishi ikaanza kubanduka kama magamba ya changu, na chini yake mti umegeuka kijivu. Aliyeniuzia aliniapia kwamba ni ya nje. Kopo lenyewe halikusema hivyo popote; sikulisoma.

Niligeuza gamba moja nikalitazama upande wa nyuma: lilikuwa na unga wa mti umeng'ang'ania. Hapo ndipo nikakumbuka ninachofundisha. Mti una lignini, ile gundi inayoshikanisha nyuzi, nayo imejaa pete za benzini, yaani kaboni sita zilizoshikana duara. Pete hizo hunyonya urujuanimno, ile miale ya jua isiyoonekana kwa macho. Mwanga ukishang'oa haidrojeni ya fenoli (pete iliyobeba oksijeni na haidrojeni), hubaki fenoksili, yaani radikali huru: molekuli yenye elektroni moja isiyo na mwenzake. Oksijeni huingilia kati, lignini hukatikakatika, na baadhi yake huishia kuwa kemikali za manjano ziitwazo kwinoni. Mvua huosha vile vipande, zikabaki zile nyuzi, yaani selulosi, zimepauka, na kuvu humalizia ule ukijivu. Haya yote hutokea kwenye unene usiofika sehemu ya kumi ya milimita, na vanishi yangu ilikuwa imejishika kwenye unene huo huo.

Wanafunzi hupenda kuniuliza nani amewahi kuziona radikali. Huwaeleza habari za Yevgeny Zavoisky, ambaye mwaka 1944 kule Kazan alionyesha kwamba elektroni pweke zikiwa ndani ya sumaku hunyonya mawimbi ya redio. Siku hizi mashine nyingi za kazi hiyo hutumia mikrowevu za karibu gigahezi 9.5, na sumaku ya takriban militesla 340. Weka kijiti cha mti, kimulike, na mchoro wa mashine unapanda na kushuka. Mahali mchoro unapotokea hutoa thamani g, namba inayoonyesha elektroni inavyoitikia sumaku: elektroni iliyo huru kabisa ina 2.0023, ya fenoksili husogea hadi kati ya 2.004 na 2.005, kwa sababu sehemu ya elektroni hiyo inakaa kwenye oksijeni. Tofauti ndogo, lakini ndiyo inayomtambulisha mhalifu.

Mashine hiyo sina, bali juu ya nyumba ninapo. Nilinunua kopo la pili, karibu mara mbili ya bei, lililoandikwa kwamba lina benzotriazoli, kemikali ya kunyonya urujuanimno. (Nayo ina pete ya benzini! Ila ikinyonya mwanga, haidrojeni yake huruka kutoka oksijeni kwenda nitrojeni kisha ikarudi, na nishati ikatoka kama joto tu.) Fundi akanipa vipande vitatu vya mbambakofi. Kimoja nikakiacha kitupu, kimoja nikakipaka vanishi ya kung'aa, cha tatu ile ya bei. Nusu ya kila kimoja nikaifunga foili ya jikoni, nikaviweka kando ya tangi la maji miezi miwili.

Kile kitupu kilikuwa na mpaka kama uliochorwa kwa rula. Cha vanishi ya kung'aa nacho kilikuwa na mpaka, na ukucha uliinua ukingo wake. Cha tatu nilikitafuta mpaka wake kwa kukielekeza huku na huku juani; upo, lakini hafifu.

Kopo la pili nalipa nyota nne. Nyota moja nimeikata kwa sababu ina wekundu kidogo unaofifisha nakshi nyembamba, na wakati wa unyevunyevu hukauka polepole mno. Punda alipita akajisugua ubavu siku ya pili, na alama ya manyoya ipo mpaka leo. Halafu kinga yenyewe huchakaa. Upande wa baharini nimeshapaka mara ya pili.

Fundi alipoona vile vipande alichukua cha tatu akatia mfukoni, hakusema kitu. Milango ya ndani bado anaipaka mafuta ya nazi, nami simkatazi. Huko jua halifiki.