Nilikata inchi 6 za mtutu wa raifo yangu ya .308: nilichopoteza na nilichopata

Nimekulia Tabora, ambako bunduki ya kwanza niliyoiona kwa karibu ilikuwa gobore la jirani yetu, mtutu wake ukinizidi kimo. Wazee walisema mtutu ukiwa mrefu risasi hufika mbali, na imani hiyo nilihamia nayo hadi Texas. Kwa hiyo niliponunua raifo ya Remington 700 SPS Varmint, inayotumia risasi za aina ya .308 Winchester, nilichukua yenye mtutu wa inchi 26, tena kwa furaha.

Kwenye uwanja wa shabaha sikuwa na lalamiko. Taabu ilikuwa porini. Mimi huwinda nguruwe mwitu kwenye shamba la rafiki yangu, na tunakaa kwenye kibanda kidogo cha mbao chenye dirisha jembamba. Kila nilipogeuza bunduki, mdomo wa mtutu uligonga ubao, na nguruwe hawasubiri ugonge mara ya pili. Ndipo nikaamua kumpelekea fundi bunduki aukate ubaki inchi 20. Sheria ya Marekani inataka mtutu wa raifo usipungue inchi 16, kwa hiyo nafasi ilikuwepo.

Muuza duka mmoja alinionya kwamba nitaiharibu, kwamba itakuwa kelele tupu na shabaha itakufa. Sikutaka kubishana naye kwa maneno. Kabla ya kuipeleka kwa fundi nilipiga risasi 20 za Federal Gold Medal zenye kichwa cha Sierra cha greni 168 (karibu gramu 11), nikipima mwendo wa kila moja kwa Garmin Xero C1 Pro. Kifaa hiki ni kidogo, kinatumia rada, unakiweka mezani kando ya bunduki na hakifungwi chochote kwenye mtutu. Nilibakiza boksi mbili za toleo lilelile na nikangoja siku yenye joto linalokaribiana, maana baruti ikipata joto mwendo hupanda, na hapo hujui tena unapima mtutu au unapima hali ya hewa.

Kwa inchi 26 wastani ulikuwa futi 2,681 kwa sekunde, yaani mita 817. Kwa inchi 20 ukawa futi 2,562, mita 781. Nimepoteza futi 119, karibu futi 20 kwa kila inchi.

Nilitegemea hasara kubwa zaidi, na nilipoelewa kwa nini si kubwa nilitulia. Baruti ikiwaka, shinikizo la gesi hufika kileleni risasi ikiwa imesogea inchi chache tu. Kutoka hapo gesi inatanuka, nguvu inashuka, na kila inchi inayofuata inasukuma kidogo kuliko iliyotangulia. Ganda la .308 si kubwa, baruti yake imeshafanya sehemu kubwa ya kazi kabla ya inchi ya 20. Ingekuwa .300 Winchester Magnum, yenye baruti nyingi inayoungua polepole, nisingethubutu.

Namna iliyonisaidia kuiona hasara hiyo ni hii: risasi yangu ya zamani ilikuwa inashuka hadi futi 2,562 baada ya kuruka yadi 60 na kidogo. Basi kukata inchi 6 ni sawa na kusogeza shabaha nyuma yadi 60. Nguruwe wa yadi 200 sasa ni kama wa yadi 260. Kwa uwindaji wangu, hilo halinisumbui hata kidogo.

Kwenye masafa marefu hesabu ni nyingine. Kwenye yadi 600 risasi inadondoka chini zaidi kwa karibu nusu miliradiani (kipimo cha pembe kinachotumika kwenye darubini za bunduki), kama sentimita 27, na hili nililijifunza kwa uchungu. Safari ya kwanza baada ya kukata nilisahau kubadilisha mwendo kwenye programu ya simu inayokokotoa mdondoko, nikapiga mara tatu na mara zote vumbi liliruka chini ya bamba la chuma. Nilipoingiza namba mpya, ya nne ililia. Mdondoko unarekebishika kwa kuzungusha kitufe cha darubini. Upepo ndio usiorekebishika kirahisi, na risasi ya polepole hukaa hewani muda mrefu zaidi ikisukumwa. Kwa upepo wa pembeni wa maili 10 kwa saa nimeongezewa kama sentimita 7 kwenye yadi hizo 600.

Yadi 1,000 nimeziacha. Kichwa hiki cha greni 168 kilibuniwa kwa ajili ya mashindano ya mita 300, na kinajulikana kwa kuyumba kinaposhuka kukaribia mwendo wa sauti. Kwa inchi 26 kilikuwa kinafika huko kikiwa juu ya mwendo huo kwa kiasi kidogo sana. Kwa inchi 20 kinakuwa kimeshashuka chini yake. Anayepiga yadi 1,000 kila wikendi aache mtutu wake ulivyo.

Shabaha je? Haikufa. Matundu ya risasi kumi kwenye yadi 100 yalikaa ndani ya upana wa karibu inchi moja kabla, na ni hivyohivyo sasa. Mtutu mfupi wa unene uleule ni mgumu zaidi kupinda, na kilicho muhimu ni mdomo wake ukatwe sawasawa pande zote, maana ndiyo sehemu ya mwisho kuigusa risasi. Fundi alinichongea mdomo wenye mteremko wa pembe ya nyuzi 11 kwa mashine ya kukerezea, akanionyesha kazi yake kwa kioo cha kukuza. Nililipa dola 180 na kusubiri wiki tatu, na ningemlipa tena.

Kelele zimeongezeka kweli. Mlipuko uko karibu zaidi na uso, na mwanga wa moto wakati wa magharibi ni mkubwa. Sasa navaa vizibo vya masikioni na vifuniko juu yake, na mwanangu haketi tena upande wangu wa mbele. Uzito umepungua karibu theluthi moja ya kilo, yote kutoka mbele, kwa hiyo bunduki inageuka kwa wepesi.

Jumamosi iliyopita nilikuwa kibandani saa kumi na mbili jioni. Kundi la nguruwe lilitokea kushoto, mahali ambapo zamani nisingeweza kugeukia. Yadi 140, risasi moja.