Walikitia tindikali kidani changu cha lulu

Nimejizuia kwa muda mrefu kuandika habari hii, kwa kuwa sipendi kumharibia mtu riziki yake, lakini juzi nilifungua kabati nikitafuta kitambaa, nikakutana tena na kile kidani, na hasira ikanipanda kana kwamba jambo lenyewe limetokea asubuhi ile ile. Ninazungumzia duka moja la sonara lililoko katikati ya jiji, hapa Dar es Salaam, si mbali na Kisutu. Jina lake silitaji. Kwa upande wa dhahabu sina lawama: pete yangu ya ndoa waliipanua bila kuacha alama, na bangili ya mama mkwe iliyokatika waliiunga vizuri mno. Ndiyo maana sikusita kuwapelekea lulu zangu, na hapo ndipo nilipokosea, kwani sonara anaweza kuijua dhahabu ndani na nje na lulu asiijue hata kidogo.

Kidani hicho nilipewa na shangazi yangu, ambaye aliishi Muscat miaka mingi, siku chache kabla ya harusi yangu. Kilikuwa na lulu hamsini na saba, nyeupe za rangi ya maziwa, ambazo ukizigeuza kwenye mwanga wa dirisha unaona wekundu mwepesi ukipita juu yake, na nyuma kilikuwa na kifungo kidogo cha dhahabu. Shangazi alinikabidhi pamoja na masharti. "Mwanangu," aliniambia, "lulu huvaliwa mwisho na huvuliwa kwanza." Maana yake ni kwamba mafuta, marashi na dawa ya nywele vinatangulia na kukauka, ndipo kidani kiingie shingoni, na ukirudi nyumbani unakivua kabla ya kitu kingine chochote, unakipangusa jasho kwa kitambaa laini, kisha unakilaza peke yake ndani ya mfuko wa kitambaa. Hakichanganywi na bangili za dhahabu, maana lulu ni laini na huchubuka, wala hakitundikwi kwenye msumari, maana uzi wake hurefuka.

Yote hayo niliyafuata isipokuwa moja. Kidani kinachovaliwa mara kwa mara kinatakiwa kutungwa upya kila baada ya mwaka mmoja au miwili, na changu kilikuwa kimekaa zaidi ya hapo mara kadhaa, mpaka uzi ukawa na weusi na lulu zikawa zinatembea katikati ya mafundo. Mdogo wangu alikuwa anakaribia kuolewa, nami nilitaka kukivaa bila wasiwasi.

Dukani walinielekeza kwa mzee mmoja anayekaa nyuma, kwenye meza iliyo chini ya feni, na kuhusu mzee huyo ninaomba niseme kwa urefu. Kabla ya kukata uzi alichukua lulu mbili za pembeni, akazikwaruzanisha taratibu karibu na sikio langu. "Unasikia, mama? Zinakwaruza. Za bandia huteleza." Kisha akatandika kitambaa cheupe, akazipanga zote kwa ukubwa wake, akaanza kuzitunga kwa uzi wa hariri. Kila baada ya lulu moja alifunga fundo, akalisukuma kwa ncha ya sindano mpaka likakaa kwenye mdomo wa tundu kabisa, ndipo akaingiza lulu inayofuata. Kazi hiyo ina faida yake: uzi ukikatika inadondoka lulu moja, wala hazitawanyiki zote sakafuni, na tena lulu hazisuguani zenyewe kwa zenyewe. Nilikaa pale karibu saa nzima nikimtazama, na sijawahi kulipa shilingi elfu arobaini kwa moyo mweupe namna ile. Ningekichukua kidani jioni ile ile, leo ningekuwa naandika sifa tupu.

Sikukichukua. Nilikuwa na haraka ya kuwahi gari, nikawaambia wamalizie kifungo, nitakipitia kesho yake au keshokutwa.

Niliporudi, kijana wa kaunta alinisukumia kibahasha huku macho yake yakiwa kwenye simu. Nilichokiona kwanza ni kifungo, kwa sababu kilikuwa kinawaka kama kipya. Kisha nikaziona lulu. Zilikuwa nyeupe pe, kavu, zisizo na mng'ao wowote, kama vipande vya chaki vilivyochongwa kuwa duara, na nilipopitisha kidole juu yake nilihisi ukavu ule ule wa ukuta uliopakwa chokaa. Nikauliza kumetokea nini. "Tumekusafishia bure, dada." Nikarudia swali, safari hii kwa sauti, ndipo mwenye duka akatoka ndani, akakiinua kidani kwa kidole kimoja kama mtu anayeinua kitu kilichookotwa njiani, na kuniambia mbele ya wateja wengine watatu: "Hizi zilikuwa za kioo tangu mwanzo. Rangi imebanduka tu. Usitusumbue." Akamgeukia mteja aliyekuwa nyuma yangu.

Ninaomba msomaji anisikilize hapa, kwa sababu neno hilo ndilo lililoniumiza kuliko hasara yenyewe. Lulu si jiwe la kuchimbwa. Imejengwa na chaza, utando mwembamba juu ya utando mwembamba, na sehemu yake kubwa ni kalisi kaboneti, ile ile inayopatikana katika makombe ya pwani na mawe ya chokaa. Tindikali huila, hata siki na maji ya ndimu huila. Kioo hakiliwi na tindikali ya sonara. Lulu zangu zingekuwa za kioo, rangi ingebanduka na ningekuta kioo kitupu chini yake, laini na chenye kuteleza. Mimi nilikuta lulu iliyoliwa ngozi. Kwa hiyo uharibifu wenyewe ndio ulioshuhudia kwamba zilikuwa lulu za kweli, na mtu yule alinitukana huku ushahidi akiwa ameushika mkononi.

Yule mzee ndiye aliyenifuata mpaka nje kunieleza. Kijana aliona kifungo kimefifia, akakichovya kidani kizima kwenye bakuli la tindikali wanalosafishia dhahabu, akakiacha humo akihudumia watu. Mzee aliniomba radhi kwa kosa ambalo halikuwa lake. Mwenye duka hajaniomba mpaka leo.

Nilikusudia kuandika kwamba mtu yeyote asilisogelee duka lile, na bado nusu yangu inasema hivyo. Lakini sitakuwa nimetenda haki nikificha kwamba sijaona mahali pengine hapa mjini panapofungwa mafundo kama yale. Nadhani ushauri ninaoweza kuutetea ni kwamba uende kwa mzee, ukae kwenye kiti mpaka amalize, kisha uondoke na mali yako mkononi. Hata hivyo nikiikumbuka ile sauti ya "usitusumbue", naona ni afadhali kidani kikae na uzi mbovu kabatini kuliko senti yangu nyingine kuingia kwenye droo ile.

Popote utakapokwenda, kabla hujaachia lulu zako muulize fundi atazisafishaje. Akitaja tindikali, mvuke au ile mashine inayoosha kwa mtetemo, zichukue uondoke. Jibu unalotaka kulisikia ni kitambaa laini chenye unyevu na, ikibidi sana, tone la sabuni isiyo kali, kisha kidani kilazwe mpaka uzi ukauke kabisa. Mimi siku hizi navaa hereni za nusu lulu kutoka Fumba, Unguja, ambako kina mama hufuga chaza, na lulu huota imeshikamana na gamba. Ni aina ile ile ambayo Kokichi Mikimoto wa Japani alifanikiwa kuipata mwaka 1893. Nazo nazipangusa tu, siziloweki, kwa sababu mgongo wake umegundishwa.

Shangazi alikuja kutoka Tanga baada ya harusi kupita, na sikuweza kumficha. Alikichukua kidani, akapitisha lulu moja kwenye ncha ya meno yake, akanyamaza kwa muda. Nilitegemea angeuliza nani aliyeziharibu. Badala yake alipitisha ukucha kwenye fundo moja, kisha la pili, kisha la tatu, akauliza, "Haya amefunga nani?" Nikamweleza habari za mzee wa nyuma, chini ya feni. Anacho kidani chake mwenyewe, kikubwa kuliko changu, ambacho hakijatungwa upya tangu arudi kutoka Muscat, na amesema akija tena nimpeleke kwake. Nimekubali. Tutakwenda asubuhi, na tutakaa pale mpaka fundo la mwisho.