TAHADHARI: Muuzaji wa sanamu za filamu anayetuma bandia Mtwara na Lindi

Wadau wa Mtwara, Lindi, Masasi na popote mlipo mnaokusanya sanamu za wahusika wa filamu, naomba msome hii kabla hamjatuma hela kwa mtu. Mimi niko Mikindani. Nimeshapoteza shilingi 140,000, na ninaandika leo kwa sababu jana rafiki yangu wa Lindi kanitumia picha zilezile nilizotumiwa mimi, akiniuliza kama alipie.

Nilichoagiza ni T'Challa wa Black Panther, filamu ya 2018. Sanamu ya sentimita 15 hivi, vichwa viwili: kimoja kimevaa barakoa, kingine uso wazi wa Chadwick Boseman. Uso huo ndio niliokuwa nautafuta tangu alipofariki Agosti 2020. Picha zilikuwa safi kabisa, jamaa akasema mzigo ni wa mwisho na basi la asubuhi linaondoka, nikalipa yote kwa simu. Kesho yake nikapokea boksi stendi, nikaondoka nalo bila kulifungua.

Nyumbani kitu cha kwanza kilikuwa harufu, kama mlango uliopakwa rangi jana. Nikaenda kwa rafiki yangu wa Shangani mwenye T'Challa halisi, tukaziweka pamoja dirishani. Ya kwake, mistari ya fedha kwenye vazi ni myembamba na inafuata mifereji iliyochongwa. Ya kwangu mistari imepakwa kwa brashi nene, imevuka mifereji, na kwenye bega la kushoto haipo kabisa. Mkufu wa meno shingoni, ambao kwa halisi kila jino limepakwa peke yake, kwangu ni mkanda mmoja wa kijivu.

Uso ndio ulioniuma zaidi. Ngozi imepuliziwa kahawia moja tu, hakuna kivuli chini ya macho, ndevu ni doa jeusi. Mjomba wangu anachonga vinyago. Aliishika, akaigeuza mara moja, akasema, "Huyu jicho moja linaangalia bahari, jingine linaangalia shamba." Kweli kabisa.

Hapa inabidi tuelewane, maana jamaa anatumia jambo hili kujitetea. Hata sanamu halisi hutofautiana. Kwa njia ya zamani kiwandani, macho hugongwa kwa muhuri laini, rangi moja baada ya nyingine. Muhuri ukisogea kidogo tu, macho yanapinda. Doa dogo pekee halitoshi kusema ni bandia. Lakini miaka ya karibuni kampuni kubwa kama Hasbro ya Marekani huchapa uso kwa mashine ya kidijitali. Ukiuvuta karibu kwa kamera ya simu unaona vidoa vidogo sana vya rangi vinavyochanganyika kutoa rangi ya ngozi. Ya rafiki yangu inavyo. Yangu haina hata kimoja, ni rangi ya kupakwa tu, na inabaki mkononi ukiishika kwenye joto. Geuzeni pia mtazame nyayo au mgongo: halisi huwa na maandishi madogo ya kampuni. Yangu iko laini.

Zile picha nazo nimezitafuta mtandaoni, ni za matangazo ya kampuni yenyewe. Mara nyingi picha za namna hiyo hupigwa kwa sampuli iliyopakwa rangi kwa mkono na fundi, kwa hiyo hata bidhaa halisi inaweza isifanane nazo. Usinunue kwa picha ya tangazo. Mwambie muuzaji aipige sanamu aliyonayo, mchana, uso kwa karibu, pembeni pawe na karatasi yenye jina lako na tarehe. Huyu nilipomwomba alisema simu yake kamera imeharibika. Nilipaswa kuishia hapo.

Nilipolalamika alinijibu, "Kaka, hilo ni toleo la pili, rangi zake ndivyo zilivyo." Nikamtumia picha za sanamu mbili zikiwa pamoja, akanifungia.

Anadai ana duka Kariakoo lakini mtaa hautaji. Video hapokei. Anataka malipo yote kabla ya kutuma, na huu msimu wa malipo ya korosho anajua watu wa huku wana hela. Namba yake siiweki hadharani. Ukitaka kulinganisha na ya muuzaji wako, niandikie faragha. Nimeshaituma pia 15040, namba ya kuripoti matapeli wa simu.

Rafiki wa Lindi hajalipa. Kama wewe umeshalipa na mzigo uko njiani, ufungue palepale stendi mbele ya wakala wa basi huku mtu anarekodi. Kama umeshapokea, usiitupe sanamu wala boksi, na tunza ujumbe wa malipo na risiti ya basi. Jumatatu naenda polisi kuchukua RB, yaani namba ya kumbukumbu ya malalamiko, na nikiwa na ushahidi wa watu wawili watatu zaidi, malalamiko hayatakuwa ya mtu mmoja.