Mashine ya kuchomelea ya kiwandani: niliipenda, nikaiacha Nyakato

Ilikuwa imekaa kwenye kona ya karakana moja ya Nyakato, hapa Mwanza, iliyokuwa inafungwa. Transfoma ya Uswidi, rangi ya kijani iliyobabuka, kilo 120 kwa mujibu wa bati lake, magurudumu mawili ya chuma na mkono wa kuzungushia ampea uliosuguliwa na viganja vya watu hadi ukang'aa. Mwenye nayo, mzee mmoja, alitaka laki tisa. Siku hiyohiyo nilikuta mnunuzi wa vyuma chakavu keshafika bei, na yeye hakuitaka kwa kuchomelea. Alitaka kuipasua atoe shaba. Hilo liliniuma. Ndilo lililonifanya niihangaikie kwa wiki tatu.

Sichomelei kwa biashara. Nyumba yangu iko Bugarika, mlimani, ukishapita mawe makubwa, na kazi zangu za chuma ni za nyumbani: grili za madirisha, geti, stendi ya tenki (maji kwetu yanapanda kwa zamu, bila tenki utateseka), na fremu za vizimba vya sato vya shemeji yangu, ambazo haziishi kukatika viungo kila ziwa likichafuka. Nilikuwa nimechoka kukodi mashine za watu. Nikasema safari hii nanunua yangu, na nanunua moja tu ya maisha.

Jambo la kwanza nililofanya ni kulifuta lile bati kwa kitambaa chenye mafuta ya taa ili lisomeke. Yeyote anayewaza kununua mashine ya zamani aanze hapo, kabla ya kuuliza bei. Lilisema volti 380, mizunguko 50 kwa sekunde, volti 75 kabla fimbo haijagusa chuma, na ampea 300 kwa asilimia 35. Hiyo asilimia maana yake ni kwamba katika kila dakika kumi, kwa ampea 300, unachomelea tatu na nusu, zilizobaki inapoa. Kwa mtu wa grili hilo si tatizo kabisa: fimbo ya geji 12, yaani milimita 2.5, inataka kama ampea 60 hadi 100, na ya geji 10 inataka 90 hadi 140. Kwa ampea hizo, mashine ya ukubwa ule unafanya nayo kazi kutwa nzima wala haishtuki.

Hiyo 50 nayo niliitafuta makusudi. Mashine zilizotengenezwa kwa umeme wa mizunguko 60, kama wa Marekani, ukizileta kwenye 50 yetu kwa volti zilezile, chuma cha transfoma kinazidiwa na usumaku na mashine inachemka hata kama hujachomelea kitu. Ingekuwa 60 ningemuaga mzee palepale.

Nilirudi na rafiki yangu fundi umeme. Tulifungua mabati ya pembeni, tukakuta vumbi la diski za grainda limejaa kama unga, kiota cha mjusi, na koili za shaba tupu. Nasema shaba kwa sababu kuna mashine zilizosukwa kwa aluminiamu na kupakwa vanishi ileile, usipokwangua mahali pa kuunganishia hutajua. Tukapuliza vumbi kwa kompresa, halafu akapiga mega, kipimo cha kuona kama umeme unavuja kutoka kwenye koili kwenda kwenye bodi. Ikasoma 0.4, na yeye haruhusu mashine iwashwe chini ya megaomu moja. Mzee akaanza kununa, akidhani tunatafuta sababu ya kushusha bei. Kumbe ni unyevu tu, mashine ilikuwa imekaa masika mbili chini ya bati linalovuja. Tuliianika juani siku tatu, na usiku tukaiwekea balbu mbili za wati 100 chini yake. Siku ya nne ikasoma 7.

"Kijana wangu, hii imechomelea matishari," mzee aliniambia, na safari hii alikuwa ananitazama kwa upole.

Karakana ina umeme wa njia tatu (fezi tatu), unaotoa zile volti 380, kwa hiyo tuliiwasha. Inaunguruma, sauti nzito unayoisikia kwenye nyayo kabla ya masikioni. Nikachukua fimbo ya geji 10, 6013 ya kawaida inayouzwa kila duka la vifaa, na vipande viwili vya bati la milimita 8. Moto ulishika mara ya kwanza. Haukukatika, haukurusha cheche ovyo, na nilipofika mwisho wa kipande lile ganda la juu lilikuwa limeshajikunja na kuanza kubanduka lenyewe, likiacha mshono wenye mikunjo iliyopangana kama magamba ya samaki. Nimechomelea kwa mashine nyingi za kukodi, na sijawahi kuona mkono wangu ukitoa kitu kizuri namna ile.

Nilitoa advansi ya laki moja. Kisha nikaenda nyumbani kupiga hesabu ambayo nilipaswa kuipiga kabla.

Hesabu yenyewe ni hii. Transfoma ya aina hii inavuta kwa kadiri ya zile volti 75 kuzidisha ampea unazochomelea. Kwa ampea 100 hiyo ni 7,500. Gawanya kwa 380, unapata kama ampea 20 upande wa umeme unaoingia. Gawanya kwa 230, umeme wa nyumbani kwangu, unapata 33. Meni switchi yangu ni ya 40, na hapo friji, pasi na taa hazijahesabiwa. Ukipanda hadi ampea 130 za kuchomelea, tayari ni 42.

Na hapo nazungumzia mashine ambayo ingekubali 230. Hii ilitaka 380 tu. Kijana mmoja pale karakana aliniambia niichomeke hivyohivyo kwenye njia moja, itawaka. Kuwaka itawaka, lakini zile volti 75 zitashuka hadi kama 45, na kwa volti hizo moto haushiki, fimbo inaganda kwenye chuma kila unapogusa. Kuisuka upya koili ya kuingilia inawezekana, mafundi wapo. Fundi niliyemuuliza alitaja bei iliyokaribia nusu ya mashine.

Bado sikukata tamaa. Nilikodi mashine ndogo ya kienyeji, zile transfoma ambazo mafundi wetu wanazisuka wenyewe, nikaipandisha nyumbani nipime. Saa moja jioni, kabla ya kugusa chochote, kipimo kilisoma volti 204. Kwetu tuko mwisho wa laini, nyaya ndefu na nyumba nyingi. Nilipoanza kuchomelea kikashuka hadi 178, taa zikawa nyekundu kama makaa. Haikupita robo saa mama wa nyumba ya chini akapiga hodi.

"Baba, samahani, friji langu linanguruma halafu linazima. Ni wewe?"

Ni mimi. Nilizima, nikamwomba radhi. Ana friji moja na ndani yake kuna maziwa anayouza. Hapo ndipo moyo wangu ulipogeuka, maana ile ya kijani ingevuta zaidi ya hiyo kila ninapopandisha ampea.

Kuomba njia tatu TANESCO ni haki ya kila mteja, na kwa mtu wa tambarare mwenye nguzo ya njia tatu mbele ya nyumba ningemshauri aende akaulize leo. Mlimani kwetu nguzo iliyo karibu ina njia moja tu. Tena mimi niko kwenye kundi la matumizi madogo, lile la uniti zisizozidi 75 kwa mwezi, na ukiwekewa njia tatu unahamia kundi la kawaida ambalo kila uniti ni ghali zaidi, ya pasi na ya taa vilevile. Ukiongeza zile kilo 120 kupandishwa kwenye ngazi za mawe na vijana wanne, nikampigia mzee simu.

Nilichonunua ni inveta, yaani mashine ndogo ya kuchomelea ya kielektroniki, laki mbili na themanini, kilo sita, naibeba begani. Naitumia mwezi wa nane sasa. Kwa ampea 100 inavuta kama 17 tu kutoka ukutani, nusu ya transfoma, na mama wa chini hajapiga hodi tena. Moto wake ni laini, na bati jembamba la mabomba ya mraba halitoboki ukijua kushusha ampea. Lakini kwenye boksi imeandikwa 250, na tulipoifungia klempumita, kile kipimo cha ampea kinachobana waya, mwisho wake ulikuwa 140. Kwa grili inatosha. Aliyeandika 250 hakusema kweli. Volti ikishuka chini ya 190 jioni inakataa kabisa, kwa hiyo nachomelea asubuhi. Feni yake nayo inavuta kila kitu ndani: vumbi la grainda, na wale wadudu wa ziwani wanaokuja kama moshi na kujaa kwenye taa. Nimeifungua mara mbili kuisafisha kwa brashi laini. Ile ya kijani ilikaa na mjusi tumboni na bado ikachomelea.

Neno moja kwa wanaochomelea vizimba. Mabomba yale yamepakwa zinki, na moshi wake mweupe si wa mchezo. Mara ya kwanza nilichomelea kutwa bila kukwangua zinki wala kukaa upande unaotoka upepo, na usiku nikatetemeka kwa homa nikidhani ni malaria. Kwangua kwanza hadi chuma kionekane, kaa penye upepo. Na usichomelee ukiwa na ndala kwenye mchanga uliolowa kando ya maji, hata kama mashine inasema ni volti 75 tu. Mwili uliolowa hauhitaji nyingi.

Mashine ya mzee haikupasuliwa. Fundi mmoja wa hapohapo Nyakato mwenye njia tatu aliinunua kwa laki nane, akanirudishia ile advansi yangu kwa niaba ya mzee, na tukakubaliana nikiwa na kazi nene niende, elfu kumi na tano kwa nusu siku. Jumamosi iliyopita nilishuka na ekseli ya toroli la shemeji na bati la milimita 10. Niliweka fimbo ya geji 8, nikazungusha ule mkono hadi 160, nikaisikia tena kwenye nyayo.