TAHADHARI: Muuzaji wa ampli za valvu "mpya" anayekwambia "iache ichemke kwanza"

Wakuu salaam. Kwa wapenzi wa santuri na ampli za valvu (zile zinazokuza sauti kwa mirija ya kioo inayowaka) hapa Dar na mikoani: kuna muuzaji anazunguka mtandaoni na picha kali za ampli za EL34, aina ya valvu kubwa. Anasema ni mpya, boksi halijafunguliwa, waranti siku saba. Jina lake siliweki hapa, na hata ningeliweka lisingewasaidia maana ukurasa anaubadilisha kila akichafuka. Mtamjua kwa kauli yake. Ukilalamika tu anakujibu: "Iache ichemke kwanza mkuu, valvu mpya zinajizoeza, wiki mbili itatulia."

Waranti siku saba, kuchemka wiki mbili. Hesabu hiyo mfanye wenyewe.

Ya kwangu niliuziwa milioni moja na laki nane. Kuiwasha tu, spika ya kulia ikaanza kuvuma, mvumo mzito ambao hata ukishusha sauti mpaka sifuri uko palepale. Baada ya muda mfupi valvu moja kati ya zile nne kubwa ikaanza kupata wekundu. Sizungumzii ule mwanga wa chungwa unaouona katikati. Huo ni wa hita, kipasha joto cha ndani ya valvu, na bila huo valvu haifanyi kazi. Nazungumzia lile bamba la kijivu la ndani, lenyewe linageuka jekundu kama kaa la jiko. Ukiona hivyo zima hapohapo, usisubiri ushauri wa mtu. Bamba la EL34 limeundwa kuhimili wati 25. Likishakuwa jekundu maana yake limepita hapo, na ukiliacha "lichemke" valvu inakufa, na inaweza kuondoka na transfoma ya kutolea sauti ambayo bei yake itakuliza.

Nilipomweleza habari ya wekundu, wimbo ukabadilika. Sasa eti valvu imekufa, yeye anazo, pea laki nne, na waranti yake haihusu valvu.

Hapa ndipo wengi wanapoliwa mara ya pili, kwa hiyo nieleze taratibu. Kabla hujanunua valvu yoyote, zima ampli, chomoa waya ukutani, acha valvu zipoe kabisa. Kisha chukua ile yenye wekundu uibadilishane na iliyo nzima ya upande wa pili. Hufungui skrubu hata moja, kwa hiyo ile stika ya "ikikatika waranti imekufa" unaiacha ilivyo. Washa, ikae dakika moja au mbili huku unaitazama. Wekundu ukihama na valvu, basi valvu ndiyo mbovu. Ukibaki kwenye soketi ileile, valvu haina kosa, ugonjwa uko ndani ya mashine. Kwangu ulibaki. Nikamrekodia video nikamtumia, akanijibu kwa emoji ya mikono ya kuomba.

Mkifanya zoezi hilo spika ziwe zimeunganishwa muda wote. Ampli nyingi za transista zinavumilia kuwashwa bila spika. Ya valvu inaweza kuunguza transfoma.

Ndani sikugusa. Mle kuna volti 400 na zaidi za DC, na kapasita zinaendelea kuzishika hata ukishachomoa waya. Nikaipeleka Kariakoo kwa fundi mzee aliyeanza kazi enzi za redio za valvu. Yeye alipima pini namba 5 ya kila soketi, pale gridi inapopokea volti hasi zinazozuia valvu isijiachie ovyo. Soketi tatu zilisoma hasi 36 hivi. Ya nne ilisoma sifuri. Akafuata njia mpaka kwenye rezista ya bayasi, ile inayopitisha hizo volti hasi, akaigusa kwa kijiti, ikacheza. Risasi ya kulehemu haikushika.

Ubovu wa kiwandani ningeusamehe, hutokea. Lakini tulipomulika kwa tochi, risasi ya hapo haikufanana na kwingine: imewekwa juu ya risasi ya zamani, na uchafu wa kahawia umesambaa pembeni. Pini za valvu zote nne zina mikwaruzo ya kuingizwa na kutolewa mara nyingi. Yaani mashine ilishauzwa, ikarudishwa, ikatengenezwa kwa kulipualipua, ikafungwa tena kwenye boksi kama mpya.

Nyuma pia imeandikwa 220V. Umeme wetu ni 230, na usiku nyumbani kwangu mita inasoma 240. Hita inayotakiwa kupata volti 6.3 inajikuta na karibu 6.9. Haifi leo, ila umri unapungua. Na kama ni mashine ya soko la Marekani ya 120V au ya Japani ya 100V, bila transfoma ya kushusha usithubutu hata kuichomeka.

Kuna mdau wa Arusha naye alipigwa na mtu huyuhuyu, kwa njia nyingine. Yeye aliletewa kiboksi chepesi chenye valvu ndogo mbili za mapambo, kazi yote inafanywa na chipu, na chini ya kila valvu kuna taa ya LED ya rangi ya chungwa. Hiyo kuitambua ni rahisi. Zima umeme: hita ya kweli inafifia polepole, LED inakatika ghafla. Na uzito pia unasema, maana ampli ya valvu ya stereo yenye EL34 nne inabeba transfoma tatu za chuma, huiinui kwa mkono mmoja.

Fedha zangu: alimtuma boda kuichukua mashine, akarudisha laki sita, akasema zilizobaki kesho, kisha akani-block. Nimepeleka malalamiko Tume ya Ushindani pamoja na risiti za miamala, video na picha za skrini za mazungumzo. Aliyelizwa naye atunze vitu hivyo, asifute meseji hata moja.

Na juzi nimeiona ampli yangu kwenye ukurasa mpya, sasa milioni moja na laki tisa, "boksi halijafunguliwa". Ina mkwaruzo mfupi kwenye kifuniko cha transfoma ya kulia, na namba ya mashine inaishia na 47. Kama kuna aliyekwisha kuilipia, aanze kuangalia soketi ya pili kutoka kulia.